Sindano za Kichina: Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Likuyani



Imetufikia barua kutoka Likuyani, upande wa kaskazini wa Kakamega. Mwenye kuiandika ni mtu wa pwani aliyehamia huko kwa biashara ya mahindi. Asema kuwa mama yake, ambaye ni mtu mzima, ana maradhi ya sukari, na magoti yamuuma mwaka wa pili sasa, hata kusujudu kwampa tabu. Siku moja ya soko alikuja mtu na meza na kompyuta. Akampa bibi yule kipande cha chuma akishike mkononi, na kitambo kidogo ikatoka karatasi yenye orodha ndefu ya maradhi: ya ini, ya figo, ya moyo na ya mifupa. Akauziwa chupa tatu za vidonge vyenye maandishi ya Kichina, na akaambiwa aache dawa zake za sukari kwa muda wa miezi mitatu ili damu isafike. Kadhalika wameambiwa kuwa yuko tabibu mjini atibuye magoti kwa sindano. Ndugu yetu auliza: Je, utabibu huu una ukweli? Na mgonjwa aendaye kwa mara ya kwanza yampasa ajue nini? Na Mwislamu afaa kuutumia?

Tumeisoma barua hii katika darasa letu, na tumeona kuwa suala hili si la mtu mmoja. Hapa pwani pia dawa hizi zauzwa, na wengi wazinunua bila ya kuuliza. Kwa hivyo twajibu mbele ya wote.

Lakini kabla ya maneno mengine twamwambia ndugu yetu jambo moja, nalo lisingoje mwisho wa makala: mama na arudie dawa zake za sukari leo hii, kama alivyoandikiwa na daktari wake, na apelekwe hospitali akapimwe damu. Sukari haingoji miezi mitatu. Kwa mwenye kutumia insulini, kuiacha siku chache tu kwaweza kumtia katika hatari ya kufa; na kwa mwenye kutumia vidonge, sukari hupanda polepole ikaharibu macho, figo na miguu naye hana habari.

Ama kile kipande cha chuma, hatujui hospitali yoyote yenye kutegemewa imtibuyo mgonjwa kwa karatasi ya namna hiyo. Sukari hupimwa kwa damu, na figo hupimwa kwa damu na mkojo. Wala kifaa hicho si katika utabibu wa kale wa Wachina. Ni kitu cha juzi kilichovishwa kanzu ya watu wa kale ili kipate heshima. Tusichanganye mambo mawili haya.

UTABIBU HUU NI NINI

Utabibu wa Kichina ni wa zamani. Kitabu chake kikubwa chaitwa Huangdi Neijing, nacho kilikusanywa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Ndani yake mna nadharia ya kuwa mwili una nguvu ipitayo katika njia maalumu, nao waiita chi; na kwamba afya ni mizani baina ya mambo mawili, yin na yang, yaani kama baridi na joto, kivuli na jua. Nguvu ile ikizibwa mahali, mtu huugua. Na sindano hutiwa katika nukta maalumu ili kuifungua njia.

Mtu wa pwani hatalistaajabia sana jambo hili. Wazee wetu pia wamezoea kusema kuwa chakula hiki ni cha baridi na kile ni cha moto, na mizizi ya maneno hayo ni tiba ya Kiyunani iliyotufikia kupitia Waarabu na Waajemi. Mganga wa Kichina hushika mapigo ya mshipa katika mahali patatu pa kila kifundo cha mkono, hutazama ulimi, na huuliza habari za usingizi na choo. Ibn Sina naye aliandika mengi katika Kanuni yake juu ya mapigo ya mshipa. Na tusidhani kuwa Waislamu wa kale waliupuuza utabibu wa China. Mwaka wa 1313, katika mji wa Tabriz, waziri na tabibu Rashid al-Din alisimamia kufasiriwa kwa vitabu vya utabibu wa Kichina katika lugha ya Kifarsi. Alitaka watu wajue waliyonayo wengine, wayapime. Huo ndio mwendo tuupendao: elimu haikataliwi kwa kuwa yatoka mbali, wala haikubaliwi kwa sababu hiyo hiyo.

Pamoja na sindano, mna mambo mengine katika utabibu huu. Kuna kuchoma majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na ngozi ili kuipasha moto. Kuna vikombe vya kunyonya ngozi, ambavyo ni ndugu wa chuku tuliyoizoea katika kuumika; tofauti ni kuwa Wachina mara nyingi huviweka bila ya kuchanja wala kutoa damu. Na kuna dawa za mitishamba, za wanyama na za madini, zipikwazo au zisagwazo zikafanywa vidonge. Mgonjwa na ajue tangu mwanzo kuwa sindano na vidonge ni milango miwili mbalimbali, na hatari zake hazilingani.

ULIVYOTUFIKIA

Madaktari wa serikali ya China walianza kuja Zanzibar katika miaka ya 1960, wakitoka jimbo la Jiangsu, na wakaja Tanganyika mwaka wa 1968, wakitoka jimbo la Shandong. Tangu hapo makundi hupokezana. Wengi wao ni madaktari wa hospitali kama madaktari wengine, wapasuaji na wa macho na wa wanawake, na baadhi yao ni wajuzi wa sindano. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1990, walikuja Wachina wengine kwa biashara yao wenyewe, wakafungua maduka ya dawa katika miji ya Afrika Mashariki. Na baada yao wakaja wachuuzi, wengi wao wenyeji kama sisi, wauzao chupa kwa njia ya kuandikishana mmoja chini ya mwenziwe. Basi neno moja, dawa ya Kichina, limekuwa kapu la watu watatu: daktari wa hospitali, mganga aliyesoma miaka mingi, na mchuuzi aliyehudhuria semina ya siku mbili. Yule aliyekuja na meza sokoni Likuyani ni yupi katika hawa? Suala hili ndilo la kwanza kuulizwa.

YALIYOJARIBIWA

Sisi katika darasa letu tumewakanya watu mara nyingi wasitegemee hirizi na wapiga ramli, kwa kuwa hao hawana hoja ila madai. Haitakuwa insafu tukimwomba hoja mpiga ramli wa mtaani kwetu, tukamsamehe mwenye chupa aliyetoka ng'ambo. Na tutazame hoja.

Mwaka wa 1971 mwandishi wa gazeti wa Kimarekani, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo mjini Peking, na baada ya kupasuliwa akatiwa sindano za Kichina kwa ajili ya maumivu ya tumbo. Aliandika habari yake, na Wamarekani wengi wakaanza kuuliza habari za utabibu huu. Watu wengine wakasema kuwa alipasuliwa kwa sindano hizo badala ya dawa ya ganzi. Sivyo, ganzi alitiwa kama kawaida. Tazama jinsi habari ya kweli inavyoongezwa chumvi.

Baadaye wataalamu waliijaribu. Katika Ujerumani, mwaka wa 2007, yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya kiuno ya siku nyingi. Waligawanywa mafungu matatu. Wa kwanza walitiwa sindano katika nukta za Kichina. Wa pili walitiwa sindano juu juu tu, mahali pasipo nukta hizo, nao hawakujua. Wa tatu walitibiwa kwa dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu katika fungu la kwanza walikuwa 47.6 katika kila mia. Katika la pili 44.2; na katika la tatu 27.4.

Msomaji na aifikiri hesabu hii. Fungu la sindano lilipata nafuu zaidi kuliko la dawa za kawaida. Hilo ni kweli, wala hatulifichi. Lakini sindano zilizotiwa ovyo zilikaribia sawa na zile za nukta. Maana yake ni kuwa nafuu ipo, ila haikuthibitika kuwa yatokana na zile njia za chi. Huenda sehemu yake ikawa ni mchomo wenyewe kuamsha neva, na sehemu ikawa ni kulala kwa utulivu, kuangaliwa na kutumaini.

Ama maumivu ya goti, wakubwa wa elimu ya tiba wamehitilafiana. Chama cha matabibu wa viungo cha Marekani, mwaka wa 2019, kiliruhusu sindano kwa goti lililolika, tena kwa masharti. Taasisi ya serikali ya Uingereza, mwaka wa 2022, ilisema zisitolewe kwa maradhi hayo, kwani faida yake haikutosha. Hata hivyo taasisi hiyo hiyo yaruhusu sindano kwa namna fulani za maumivu ya kichwa yanayorudi rudi. Na huko Marekani, tangu mwaka wa 1997, baraza la wataalamu lilikiri kuwa zasaidia kichefuchefu cha baada ya kupasuliwa au cha dawa za saratani.

Basi mipaka yake ni hiyo: maumivu ya namna fulani na kichefuchefu. Hatujui hoja yoyote ya kuwa sindano huponya sukari, au saratani, au ukimwi, au malaria. Mwenye kudai hivyo amevuka mpaka.

VIDONGE NA MITISHAMBA

Hapa pana habari njema na habari ya kuogofya.

Habari njema ni ya malaria. Mtaalamu wa Kichina, bibi Tu Youyou, alisoma katika kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, habari ya mmea wa kutibu homa. Dawa iliyopatikana kwa kuchemsha haikuwa na nguvu ya kutegemewa. Alipokisoma kitabu tena aliona kuwa yule mzee hakuuchemsha, bali aliuloweka na kuukamua. Akafahamu kuwa moto mkali huenda ndio uharibuo dawa. Mwaka wa 1971 akaitoa kwa njia isiyo na moto mkali, akaijaribu kwa wanyama, kisha akainywa yeye mwenyewe na wenziwe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka wa 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Dawa za mseto tunywazo leo kwa malaria, Mombasa na Unguja na Kakamega, zina asili katika mmea huo. Lakini zingatia: haikuwa dawa kwa sababu ni ya kale, wala kwa sababu ni ya majani. Imekuwa dawa kwa kujaribiwa, kupimwa na kujulikana kiasi chake. Hata leo Shirika la Afya Duniani halikubali mtu anywe chai ya majani yale kwa kutibu malaria.

Habari ya kuogofya ni ya mji wa Brussels. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda mahali pa kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa kwa makosa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, kwa kuwa majina yake ya Kichina yafanana. Zaidi ya wanawake mia moja waliharibika figo. Wengi wakahitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi yao wakapatwa na saratani ya njia ya mkojo. Huenda mtu akasema kuwa ni majani tu. Neno hili, majani tu, ndilo tulisikialo kila siku kwetu. Na sumu nyingi pia ni majani.

Tena wachunguzi wa nchi nyingi wamevikuta vidonge viitwavyo vya asili vimetiwa dawa za hospitali kwa siri. Magoti hupona kwa wiki mbili, mgonjwa akasifu, kumbe alilokunywa ni dawa kali ya kutuliza uvimbe ambayo hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Na mitishamba iliyo halisi nayo hugongana na dawa nyingine: mzizi wa susi hupandisha presha, na mmea uitwao danshen huzidisha nguvu za dawa ya kuzuia damu kuganda, hata mtu akatokwa na damu.

YAMPASAYO MGONJWA MPYA

Tumeyakusanya mambo saba, kila mtu na ayahifadhi.

La kwanza: ajulikane maradhi yake hospitali kabla ya kwenda kwa mwenye sindano. Maumivu ya kiuno yaweza kuwa ya misuli, na yaweza kuwa ya figo.

La pili: aulize idhini. Katika Tanzania bara iko sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala, na baraza la kuwasajili watibuji. Zanzibar nayo ina baraza lake. Katika Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitaja tiba hii, na dawa zenyewe ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Tabibu mkweli hachukii kuulizwa alisoma wapi na kwa miaka mingapi.

La tatu: sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yake, na zikiisha kutumika zitupwe. Sindano iliyomchoma mwingine yaweza kumletea homa ya ini au ukimwi.

La nne: ajue yatakayompata. Sindano hizi ni nyembamba sana kuliko za hospitali, wala hazina dawa ndani yake. Huachwa mwilini kama dakika ishirini au thelathini. Mtu husikia mchomo mdogo, kisha uzito au ganzi. Damu kidogo na alama ya buluu si ajabu. Asiende na njaa, kwani huenda akashikwa na kizunguzungu. Lakini akichomwa kifuani au mgongoni, kisha akashindwa kuvuta pumzi, akimbilie hospitali mara moja. Ni nadra, lakini pafu huweza kutobolewa.

La tano: aseme kila kitu. Aseme kama ana mimba, ana sukari, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au amewekewa kifaa cha moyo. Mwenye sukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asikubali kuchomewa majani karibu na miguu, kwani ataungua asisikie. Na daktari wa hospitali naye aambiwe. Kumficha mmoja wao ni kujidhuru mwenyewe.

La sita: aulize mwisho wake. Ni mara ngapi, na kwa bei gani, na baada ya mara ngapi tutajua kuwa haifai? Wenye elimu hii hutaja kama mara sita mpaka kumi. Ikiwa hizo zimepita na hapana tofauti, aache. Asiyetaja mwisho ataka mfuko, hataki goti.

La saba: asinunue chupa asiyoweza kusoma yaliyomo, wala asiache dawa ya hospitali kwa neno la mwenye kuuza nyingine.

HALALI NA HARAMU

Kujitibu ni jambo lililoruhusiwa katika dini yetu, na sindano zenyewe hazina ubaya kwa asili yake. Mwanamke na atafute tabibu mwanamke awezapo, na akikosa asiwe peke yake, wala pasifunuliwe ila pahitajiwapo. Ama kwa mwenye kufunga, wanazuoni wengi wa zama zetu waona kuwa sindano isiyopeleka chakula mwilini haimfunguzi mtu.

Lakini katika vidonge pana jambo lituhusulo zaidi. Baadhi ya dawa hizi hulowekwa katika pombe, na nyingine zina sehemu za wanyama. Mashuhuri yao ni ejiao, gundi ipikwayo kwa ngozi ya punda, ambayo huuzwa kwa kuongeza damu na kuzuia uzee. Kwa ajili ya gundi hiyo machinjio ya punda yalifunguliwa hapa Kenya tangu mwaka wa 2016, na wizi wa punda ukaenea mpaka maskini wakapoteza chombo chao cha kubebea maji na mizigo. Serikali ilizuia uchinjaji huo mwaka wa 2020, mahakama ikaondoa zuio mwaka wa 2021, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa thamani ya punda. Na nyama ya punda wa kufugwa ni haramu kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Ama gundi iliyogeuzwa kwa kupikwa, wamehitilafiana. Basi Mwislamu na aulize kilichomo kabla ya kumeza, wala asiseme kuwa hakujua, hali hakuuliza.

JAWABU LETU

Ndugu yetu wa Likuyani, jawabu letu ni hili. Zile chupa tatu mama asizinywe. Mzipeleke kwa mfamasia wa hospitali azitazame. Dawa za sukari zirudiwe. Magoti yapigwe picha, naye apewe mazoezi na dawa za kawaida. Baada ya hayo, akipenda kujaribu sindano kwa tabibu mwenye idhini, kwa masharti saba tuliyoyataja, na daktari wake akijua, hatumkatazi. Huenda akapata nafuu, na huenda asipate. Na akishindwa kusujudu leo, dini imemruhusu kuswali juu ya kiti. Asiuze afya yake kwa kuogopa kiti.

Na kwa wasomaji wote twasema: mtu akija sokoni na meza, si adabu mbaya kumwuliza. Mkweli atajibu, na mwongo atakasirika. Tusiogope kumkasirisha.

Wa billahi tawfiq.